Karo lako, maji ya jirani

Masika ikikolea, hapa kwetu Tabata watu wanatapisha vyoo. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Mvua kubwa ikishuka usiku, mtu anazibua bomba alilolitega ubavuni mwa shimo, na uchafu wa mwaka mzima unaondoka na mafuriko kuelekea bonde la Msimbazi. Asubuhi watoto wa shule wanakanyaga maji yale yale. Tulikiona kipindupindu cha 2015, kilichoanzia hapa Dar es Salaam mwezi Agosti kabla ya kusambaa mikoani, na bado mvua ikija tunarudia. Inaniuma sana.

Wanaotapisha tunawaita wachafu, basi. Mimi nimeishi na wapangaji tangu marehemu mume wangu ajenge vyumba vya uani, na naona tatizo linaanza miaka mingi kabla ya usiku ule. Wenzetu wa Posta na Kariakoo wana mabomba ya majitaka. Huku wengi wetu tuna mashimo na makaro, na karo linataka mtu wa kuliangalia.

Wengi wanadhani karo ni shimo la kuhifadhia tu, likijaa unaita gari la kunyonya. Sivyo. Uchafu ukiingia, mzito unatuama chini kuwa tope, mafuta na povu yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la pili la mawe, yanapotelea ardhini. Bakteria wanakula sehemu ya tope, ila hawalimalizi. Maji yanahitaji kukaa kama siku nzima ndipo yatulie. Sasa chukua karo la familia ya watu sita, uongeze vyumba vinne vya wapangaji: maji yanasukumwa nje kabla hayajatulia, tope linavuka nayo, linaziba udongo wa lile shimo la pili. Ikifika hapo, hata gari lije kila mwezi, maji yatarudi.

Ndiyo maana mimi napima. Nina mti mrefu, mwisho wake nimeuzungushia taulo jeupe kuukuu. Nauteremsha taratibu hadi sakafu ya karo, nauacha kidogo, nauchomoa. Taulo linatoka na rangi mbili: juu limelowa maji ya kijivu, chini limeshika tope jeusi, na mpaka unauona waziwazi. Tope likifika theluthi ya kina naita gari, hata kama choo kinashuka vizuri. Kwa familia ya kawaida ni kila miaka 3 hadi 5. Kwa nyumba ya wapangaji ni mapema zaidi. Siinami juu ya tundu, na mtoto hasogei. Hewa ya mle inaua. Mtu akitumbukia usimfuate, piga 114 waje Zimamoto.

Chumvi, mafuta ya taa na zile dawa za chupa haziondoi tope, jamani. Jiki nyingi inaua bakteria wenyewe. Pampasi zina pipa lake.

Sheria zipo: ya Afya ya Jamii ya 2009, ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Lakini mtaani kwetu naona karo linaangaliwa likijengwa, halafu tena likifurika, kwa faini. Katikati hapo inaweza kupita miaka kumi bila mtu kubisha hodi. Mimi nataka nibishiwe hodi. Afisa afya aniulize mfuniko uko wapi na risiti ya mwisho ya gari iko wapi. Kuna nyumba nzuri kabisa hapa jirani zimepigwa pevingi juu ya karo. Siku ya kunyonya, vijana wanatafuta tundu kwa nyundo. Na gari nalo lifuatwe linakomwaga. Mabwawa ya kusafishia majitaka yapo Vingunguti, si mbali na sisi. Gari linalomwaga mtoni linatapisha vyoo vya mtaa mzima kwa mkupuo mmoja.

Halafu visima. Inashauriwa kisima kikae mbali na karo, angalau mita 30. Viwanja vyetu ni ishirini kwa ishirini! Nikichimba kisima changu mbali kabisa na karo langu, huenda nimekisogeza kwenye karo la mama wa nyumba ya pili, na yeye hajui, wala mimi sijui. Hapo uadilifu wa mwenye nyumba mmoja hautoshi, anatakiwa mtu mwenye mamlaka ya kuangalia viwanja vyote viwili pamoja.

Pesa ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu gari linataka zote siku hiyo hiyo. Kwangu kila mpangaji anatoa kidogo kila mwezi pamoja na hela ya maji, na daftari liko wazi. Mkutano wa mtaa ukiitwa nitamwomba mwenyekiti apeleke ombi kwamba mchango wa namna hiyo uingizwe kwenye bili ya maji, na magari yapite kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kabla ya Machi.