Mgombea wa kansala asiyekuwa na sabuni

Hapa Arua, Uganda, ukipita steji yoyote ya boda saa kumi jioni utakuta watu wanabishana kuhusu rais, kuhusu mbunge, nani atapewa uwaziri, mate yanaruka, lakini jaribu kuuliza kansala wetu wa jiji, yaani diwani, anaitwa nani. Kimya. Na wa divisheni? Hapo mmoja atajikuna kichwa aseme "si yule jamaa mrefu wa Pangisa", na kumbe yule mrefu alishaangushwa kwenye kura zamani. Mi jambo hili linaniudhi kweli, maana mtaro ulioziba kaveera, ile mifuko ya plastiki, huku kwetu mtaa wa Oli hakuna rais atakayekuja kuuzibua, na bungeni Kampala hakuna anayeujua.

Jiji lenyewe bado changa. Tulikuwa manispaa mpaka 1 Julai 2020 ndo tukaitwa jiji, sisi na Gulu na Mbarara na Jinja na wengine, tukagawanywa divisheni mbili, Central na Ayivu, mabango yakabadilishwa, mtaro ukabaki vile vile.

Sasa kampeni zimepamba moto na upande wetu wagombea ni wengi mpaka nguzo za umeme hazina nafasi ya picha. Kuna mmoja, sitamtaja, ana gari lenye spika kubwa na kila anapopita anaacha vipande vya sabuni na chumvi, watoto wanamkimbilia. Kuna mwalimu mstaafu, indipendenti asiye na chama, mtu safi. Kuna kijana mwenyekiti wa boda ambaye mwenzao akipata ajali yeye ndo anazunguka na kofia kukusanya mchango, siku hiyo hiyo, bila kusubiri mtu amwambie. Alafu kuna mama mmoja anauza mukene, vile vidagaa, na vitunguu sokoni.

Huyu mama nataka nimkalie kidogo. Alituita chini ya mwembe, hakuna spika, hakuna tisheti, viti tuliazima msikitini. Anagombea kiti cha wazi, si kile cha wanawake, na swali la kwanza lilikuwa hilo hilo, mzee mmoja akamuuliza mbona usiende kwenye kiti chenu. Akajibu kwamba theluthi ya baraza imewekewa wanawake ni sawa, lakini hakuna sheria inayosema mwanamke aishie hapo, mzee akanyamaza akarudi kwenye kolanati zake. Kijana wa nyuma akadakia, "Mama umetuletea nini?" Akasema nimeleta daftari. Watu wakacheka, hata mi nilicheka.

Basi akalifungua, lile daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ndani ameandika kwa biki taa za barabarani ambazo haziwaki, moja moja, iko mbele ya duka la nani, makalvati yaliyoziba, rundo la takataka ambalo halizolewi. Alizunguka kwa miguu. Alafu akatugeuzia swali: ushuru mnaolipa sokoni, nani hapa anajua unaenda wapi? Hakuna aliyejua, na nusu ya waliokaa pale ni wachuuzi. Akaeleza kwamba divisheni ndo inakusanya, nusu inabaki divisheni na nusu inapanda juu jijini, na katika ile inayobaki kuna asilimia 25 ambayo sheria inasema irudi kijijini kwa LC1, yaani baraza la kijiji. Hapo kelele zikaanza, kila mtu anauliza mwenzake, wewe umewahi kuziona hizo? Chemani wetu wa LC1 alikuwepo, alitazama simu yake sana siku ile.

Kilichonifurahisha ni kwamba hakuahidi lami. Hawa wengine wote wanaahidi lami! Zile barabara nzuri zenye taa katikati ya mji zililetwa na USMID, mradi wa kujenga miundombinu ya miji ulioanza 2013, pesa ya Benki ya Dunia, hakuna kansala aliyezitoa mfukoni. Sehemu kubwa ya pesa ya jiji inatoka serikali kuu na inakuja tayari imepangiwa kazi, hii ya walimu, hii ya dawa, huwezi kuigusa. Kansala anabaki na kile kidogo cha mapato ya ndani na mdomo wake kwenye kikao cha bajeti, na hapo ndo utajua kama mtu anawajali watu au anajali kiti, kwa sababu kugombania pesa ya kuzibua mtaro hakuna kamera itakayokuja.

Na hapa ndo ninapomshangaa bwana wa spika. Ukansala haulipi jamani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inasema posho za baraza zisipite asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia, na mapato yenyewe yalikonda tangu ile kodi ya kichwa ifutwe 2005. Sasa mtu anamwaga mamilioni, mafuta, sabuni, vijana wa kucheza ngoma, kwa ajili ya posho ambayo haifiki hata bei ya lile spika, atazirudisha wapi? Sisemi ni mwizi. Nasema soko lina tenda, maegesho yana tenda, takataka zina tenda, na mi najua kujumlisha.

Mwalimu nampenda lakini naogopa. Anaongea kama vile akichaguliwa atawaamrisha mainjinia na kuwafukuza wavivu ofisini, wakati taun klaki, yaani mtendaji mkuu wa jiji, na wakubwa wenzake hawaajiriwi na kansala, yule klaki analetwa na serikali kuu. Kansala akigombana na kila mtu ofisini wanamwacha apige kelele, faili linakaa mezani miaka mitano. Roho nzuri peke yake haisomi bajeti. Huyu kijana wa boda naye ana moyo, tatizo lake mpaka sasa anaongelea jezi na mpira tu.

Tusijifanye malaika pia. Sisi wapigakura ndo tunauliza umetuletea nini. Uchaguzi wa LC1 wa Julai 2018 tulipanga mstari nyuma ya mgombea, ukila cha huyu ukasimama kwa yule mtaa mzima unakuona, kuna watu mpaka leo hawasalimiani. Kwa kansala kura ni ya siri, ndo maana wengine wanasema kula kwa huyu piga kwa yule. Ujanja huo siupendi, na anayepokea naye sheria inamhesabu ni mkosaji, lakini nenda kamwambie mama mwenye watoto sita arudishe chumvi uone.

Jambo jingine ni siku yenyewe. 2021 rais na wabunge walipigiwa kura 14 Januari, sisi kwenye kituo chetu mstari ulifika barabarani. Siku ya makansala, siku kadhaa baadaye, nilipiga kura nikarudi nyumbani uji bado moto. Wenye sabuni wanalijua hilo vizuri, watu wao wanabebwa na boda asubuhi mapema, wa mama mukene wako sokoni wanauza.

Nilimuuliza swali moja tu: baraza linatakiwa kukaa angalau kila miezi miwili, wewe ukitoka kikaoni sisi tutajuaje mlisema nini? Akasema Jumapili inayofuata nitakuwa hapa hapa chini ya mwembe, nisipokuja mjue duka langu sokoni liko wapi. Kijana wa nyuma, yule wa umetuletea nini, akamwomba daftari akaongeza taa ya mbele ya kwao.

Bwana wa spika anakuja mtaani Jumamosi. Swali langu la tenda ya maegesho nimeshaliandika, na lile la asilimia 25 amelichukua jirani yangu muuza chapati, tumekubaliana tukae mbele kabisa, mbali na spika, ili asisingizie hakutusikia.