Namna ninavyorudisha wekundu kwenye picha za matumbawe ya Tanga

Maji ya ghuba ya Tanga ni ya kijani. Mito ya Sigi na Mkulumuzi inamwaga tope humo, mikoko imezunguka pande nyingi, na vijimea vidogo vinavyoelea hunyonya hata ile buluu. Ndiyo maana mpangilio wa "chini ya maji" uliomo kwenye kamera nyingi haukunisaidia. Umetengenezwa kwa ajili ya maji ya buluu, kwa hiyo unaongeza wekundu tu, na wekundu juu ya kijani unazaa manjano chafu.

Mimi napiga picha za matumbawe upande wa kisiwa cha Ulenge, na rangi kwangu si pambo. Maji yakizidi joto tumbawe hupauka, kama ilivyotokea sehemu kubwa ya pwani yetu mwaka 1998. Picha ikiwa ya kijani, aliye nchi kavu hawezi kujua lipi limepauka na lipi zima.

Aliyenifungua macho ni nahodha wetu. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera picha ya kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, akaitazama kwa muda. "Mwanangu, hiki nundu zake nyekundu. Mbona hapa nyeusi?" Alisema kweli. Maji humeza wekundu kwanza, na ukifika mita tano hivi sehemu kubwa imeshaondoka. Tena hesabu si ya kina peke yake: mwanga ukishuka mita tano, halafu ukasafiri mita tatu kutoka kwa kiumbe hadi kwenye kamera, umepita mita nane za maji. Tangu hapo namsogelea kiumbe hadi umbali usiofika mita moja. Hakuna kifaa kilichonipa rangi zaidi kuliko kusogea.

Kisha kuna mizani ya weupe, yaani kuionyesha kamera kitu cheupe ili ipange rangi nyingine kutokea hapo. Nina kibao cha plastiki nyeupe nilichokikwangua kwa msasa kisimetemete. Jua nalipa mgongo, kibao nakiweka palepale penye tumbawe, na mwanga wa picha naupunguza kidogo, kwa sababu weupe ukiungua, yaani ukizidiwa na mwanga, kamera hukataa kupima. Nikishuka au kupanda mita mbili tatu napima upya. Wapo wanaopimia kiganja au mchanga. Mchanga wetu una rangi yake, siuamini.

Filta nyekundu ni ya maji ya buluu. Kwa kijani chetu inafaa ile ya urujuani wa pinki, ingawa inakula mwanga, kwa hiyo naitumia jua likiwa juu, kati ya saa nne na saa nane mchana. Nachagua pia maji yanayojaa, maana yanaleta maji safi ya bahari kuu. Yakitoka yanazoa tope la mikokoni. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa wingi, mkondo unavuruga kila kitu; maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ndiyo yangu.

Flashi naiwasha kwenye kivuli au nikishuka zaidi, na hapo mizani ya kibao naiacha, narudi kwenye ya mwanga wa mchana. La sivyo kilicho karibu kinakuwa chekundu kupita kiasi. Flashi yenyewe iwe pembeni, mbali na lenzi, kwa kuwa ikimulika moja kwa moja inawasha kila chembe ya tope iliyo mbele yako.

Kwenye kompyuta nafungua faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, si JPEG, kisha nabofya kibao kwa kidonyo cha rangi, yaani alama ya kuchagulia kilicho cheupe. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, kitelezi cha joto la rangi huishia 50,000 K (kelvini), na picha ya mbali hukifikisha huko bila kupona. Ipo mbinu ya kuchota kijani na kukigeuza wekundu. Inapendeza machoni, lakini wekundu huo haukuwa majini, na kwa picha inayoonyesha afya ya tumbawe siitumii kabisa.

Picha ya kibao naihifadhi pamoja na kundi lake, jina la faili likianza na kina, saa na hali ya maji, ili atakayepiga mwamba uleule mwakani ajue weupe ulipimwa wapi.