Mikorosho ni Yetu, Msimu ni wa Wengine

Nimerudi Newala baada ya miaka mingi ya kuishi na kufanya kazi Uholanzi, na tangu nilipotua Dar es Salaam hadi nilipofika kwetu juu ya Uwanda wa Makonde nimepewa ushauri uleule na watu wasiofahamiana kabisa: kusini ardhi ipo, chukua ekari za kutosha, panda mikorosho, kisha subiri. Wanaonishauri hivyo wana nia njema, na wala hawajakosea kila kitu, kwa kuwa katika minada ya msimu wa 2024/25 bei ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na kila mwenye ndugu Mtwara au Lindi aliisikia habari hiyo. Hata hivyo, baada ya kukaa nyumbani kipindi cha palizi, naona kwamba kinachomkwamisha mkulima wa huku si ardhi, na wala si bei peke yake, bali ni ile miezi iliyopo kati ya palizi na malipo, na mtu mwenye fedha taslimu katika miezi hiyo.

Hadithi ya ardhi tupu ya kusini ni ya zamani na imewagharimu wengi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu humo, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeshaachwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Reli ilifungwa baada ya uhuru. Bandari ya Mtwara ndiyo tuliyobaki nayo. Miaka sitini baadaye kampuni moja ya Kiholanzi ilipata zaidi ya hekta 30,000 kutoka katika ardhi ya vijiji wilayani Kilwa ili ipande mbono kaburi wa kutengenezea mafuta ya mitambo, ikaanguka kabla zao halijaleta faida yoyote, na wanakijiji wakabaki wakiuliza ardhi yao sasa ni ya nani. (Waholanzi niliofanya nao kazi hawakuwahi kusikia habari hizo, na nilipowasimulia walidhani nawatania.) Wote hao walikuwa na ardhi kubwa kuliko watakayopata kuwa nayo wakulima wa kata nzima, na haikuwafikisha popote.

Kwetu sisi, swali la ardhi linaanza na miti. Mikorosho ya marehemu baba iko mahame, yaani pale watu walipokuwa wakiishi kabla ya kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 iliwasogeza watu karibu na barabara na shule, lakini mikorosho haihami. Ikaachwa huko nyuma, vichaka vikapanda, na mkulima akalazimika kutembea mwendo mrefu kwenda kuhudumia zao ambalo bei yake ilipangwa na serikali na ilikuwa ndogo. Juu ya hayo ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, unaoshambulia maua na machipukizi, na uzalishaji wa nchi ukashuka kutoka tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Salfa, ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walitufundisha namna ya kuipuliza, ndiyo iliyoirudisha mikorosho ya baba katika uhai.

Wamakonde, kama walivyo Wamakua, Wamwera na Wayao, kwa asili hufuata ukoo wa mama. Ardhi ni ya ukoo na msemaji wake ni mjomba, ila mti ni wa aliyeupanda, na taratibu hizo mbili hazikugongana sana wakati watu walipopanda mtama na muhogo, ambavyo huvunwa vikaisha. Mkorosho ni jambo jingine, kwa sababu humzidi umri aliyeupanda. Baba alihamia kwa mama, akapanda kwenye ardhi ya ukoo wa mama, na alipofariki wapwa zake wakaja kudai miti ya mjomba wao, wakati sisi watoto tulikuwa na hakika kwamba ni yetu. Kikao kiliongozwa na mjomba wangu, na kilimalizika kwa mikorosho kugawanywa kwa mistari, mstari kwao na mstari kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaturuhusu kuomba hakimiliki ya kimila, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kuwa nayo, jambo ambalo mimi nimelitegemea. Lakini hati hiyo ingetaja shamba na mipaka yake, wakati ugomvi wetu wote ulihusu kilichosimama juu ya shamba.

Hatukuwa tumetulia baada ya kikao hicho alipokuja jirani yetu, mama mtu mzima aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali kwa urefu unaostahili, alieleza shida yake: alihitaji shilingi laki mbili za palizi na za sare ya mjukuu, na alikuwa tayari kuniwekea rehani mikorosho thelathini, nivune mimi msimu mzima, kisha miti imrudie. Nilipiga hesabu mbele yake. Hata kila mti ukitoa kilo tano tu, hiyo ni kilo 150, na hata bei ikiwa shilingi 3,000 tu, hizo ni laki nne na nusu kwa mtu ambaye hakushika jembe isipokuwa siku za kuokota.

"Mama, mbona unajipunja hivyo?"

"Mwanangu," akasema, "mwezi wa nne hauna mnada."

Ndivyo ilivyo. Fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba hadi kama Januari, na katika wiki hizo pikipiki mpya, mabati na sherehe za unyago huonekana kila mahali, hata mgeni akadhani mji umetajirika. Kufikia Machi akiba imekwisha, mahindi bado yako shambani, na ndipo palizi inapohitaji vibarua. Yakifika maua katikati ya mwaka, mikorosho inataka kupulizwa kwa zamu, na hata pale salfa ya ruzuku inapofika, mwenye bomba la injini na mafuta yake anadai malipo yake palepale. Mbaazi na ufuta huziba pengo kidogo kwa wenye navyo, lakini mbaazi nayo ilitufundisha adabu mwaka 2017, India ilipobana uagizaji wake na bei ikaporomoka vibaya mno. Ugonjwa na msiba, bila shaka, havisubiri msimu.

Katika pengo hilo ndimo kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, anamoishi. Hotuba zote zinamlaani, na zina sababu, kwa kuwa hununua korosho ikiwa bado ua, kwa bakuli lake mwenyewe na kwa bei yake mwenyewe, kisha huipeleka ghalani kwa jina la mwingine na kuchukua bei ya mnada. Ni biashara iliyopigwa marufuku, na wanaoikamata wana haki ya kuikamata. Lakini anayelaani kangomba mchana aulizwe ni nani mwingine katika kijiji hicho anayeweza kumpa mtu laki moja usiku wa manane mtoto akiwa na degedege. Nimeuliza swali hilo kwa watu kadhaa wa chama chetu cha ushirika na sikupata jina.

Serikali, kwa upande wake, imeshughulikia bei kwa bidii kubwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara katika msimu wa 2007/08: mkulima anapeleka korosho katika chama chake cha msingi, inapimwa, inapelekwa ghala kuu, inauzwa kwa mnada, na malipo yanaingia benki. Mimi ni miongoni mwa wanaouunga mkono, kwa sababu kabla yake mnunuzi alikuja na mzani wake na bei yake na hakuna aliyemuuliza. Ila mfumo huo nao una miezi yake. Hapo mwanzo mkulima alipewa malipo ya kwanza na kuahidiwa ya pili baada ya mnada, na Aprili 2013, wakulima wa Liwale walipoambiwa kwamba malipo ya pili yangekuwa pungufu ya walivyotarajia, nyumba za viongozi zilichomwa moto. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za minada ya mwanzo, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kuisomba. Bei ilikuwa nzuri, wengi waliishangilia, kisha uhakiki wa mashamba ukachukua muda na baadhi ya watu wakaisubiri fedha hiyo hadi msimu uliofuata ukawakuta hawana cha kununulia salfa. Mwaka huohuo, sehemu ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambayo awali ilirudi kuhudumia zao, ilielekezwa moja kwa moja katika Mfuko Mkuu wa Hazina, licha ya upinzani wa wabunge wa kusini. Ushuru wenyewe ni asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, na ingawa anayeulipa ni msafirishaji, hakuna mnunuzi anayesahau kuuondoa kichwani mwake kabla hajataja bei mnadani.

Mjomba alinionyesha karatasi yake ya malipo. Chini ya uzito na bei kulikuwa na safu ya makato: halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri, magunia. Kila kato, likitazamwa peke yake, lina maelezo, na sikuona hata moja la kumpeleka mtu mahakamani. Kilichonishangaza ni kwamba katika safu yote hiyo hapakuwa na senti iliyowekwa kwa ajili ya mwezi wa nne.

Watu wa nyumbani hupenda kuniuliza kuhusu viwanda, kwa kuwa Uholanzi nilifanya kazi katika ghala la kufungashia karanga na korosho. Katoni nilizozipokea zilikuwa na paundi 50 kila moja, daraja la W320, yaani korosho nzima nyeupe, zimetoka Vietnam au India, nchi ambazo ndizo wanunuzi wakubwa wa korosho yetu ghafi. Tanzania haikuzembea katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda 12 vya kubangua, kwa mikopo ikiwamo ya Benki ya Dunia, na Newala haikukosa. Vilifungwa wakati mikorosho ilipokauka, vikauzwa baadaye, na baadhi vikaishia kuwa maghala. Wengi hulaumu mitambo mibovu au wizi. Mimi naongeza sababu nyingine: ili kiwanda kifanye kazi mwaka mzima, lazima kinunue mzigo wa mwaka mzima katika miezi mitatu ya mavuno, tena mnadani dhidi ya wafanyabiashara wenye mikopo ya bei nafuu kutoka nje, na kilo nne hadi tano za korosho ghafi ndizo zitoazo kilo moja ya korosho iliyobanguliwa. Kiwanda kisicho na fedha Oktoba kimekufa hata kama mashine zake zinang'aa. Ni shida ileile ya yule mama, isipokuwa tarakimu zake ni ndefu zaidi.

Kwa hiyo sikununua ekari nyingine. Nilimkopesha yule mama fedha bila kuchukua miti yake, jambo ambalo halitatui lolote, maana kijiji kina akina mama wengi na mimi si benki. Niliyoyapeleka kwa viongozi wa chama chetu cha msingi ni maombi ya aina nyingine: kwamba kwa kila kilo mwanachama akubali kukatwa kiasi kidogo, kikae katika akaunti yake ndani ya chama, na kifunguliwe kuanzia Machi kama mkopo wa palizi na kupuliza, udhamini wake ukiwa ni korosho yenyewe itakayopita kwenye mzani uleule. Chama tayari kinajua kila mwanachama alileta kilo ngapi misimu iliyopita, na hakuna benki mjini yenye kumbukumbu nzuri kama hizo.

Wazee walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja wao akauliza ni nani atakayeshika funguo za akaunti hiyo, kwa kuwa wameshawahi kukatwa fedha za mfuko na mfuko haukuonekana. Mwingine akaongeza kwamba wanawake wengi wanaopuliza na kuokota si wanachama, majina yaliyoandikwa ni ya waume au wajomba zao, na kwamba mkopo huo ungewafikia wasioupalilia mkorosho. Pingamizi la pili linajibika kwa kubadili orodha ya wanachama, na mjomba ameshakubali jina langu liandikwe kwa mistari iliyoniangukia. Pingamizi la kwanza ni zito zaidi. Nimependekeza taarifa ya akaunti ibandikwe kila mwezi ukutani mwa ofisi ya kijiji, kila mwanachama na salio lake, na mkutano mkuu wa chama utalijadili kabla ghala halijafunguliwa.