Besi ya mtumba: nilivyoondoa mvumo na kupata sauti bila kubadilisha pikapu

Besi ninayopiga ni ya nyuzi nne, nakala ya Jazz Bass ya Fender, na jina la kiwanda kilichoitengeneza lilishafutika kwenye kichwa cha besi kabla haijanifikia. Niliinunua kwa mtu aliyeipata ndani ya mzigo wa mitumba: haina mfuko, haina uzi wa G, volyumu moja inakwaruza, na ukichomeka waya mvumo unasikika kuliko noti. Leo naipigia dansi wikiendi hapa Morogoro na kanisani Jumapili asubuhi, na wenzangu wananiuliza nimefunga pikapu gani, yaani vile vipokezi vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi. Ni zile zile ilizokuja nazo.

Vijana wengi wakipata besi yenye sauti mbovu hukimbilia pikapu za jina kubwa, au kibaya zaidi amplifaya kubwa, ambayo itaukuza ubovu ule ule. Mimi mfuko haukuruhusu, kwa hiyo nilianza na vitu ambavyo havihitaji fedha.

Cha kwanza ni shingo. Nyuzi za besi zinaivuta mchana na usiku, na ndani yake kuna chuma kirefu kinachokazwa kwa alenki ili kupingana na mvuto huo. Kupima ni rahisi: bana uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Unatafuta kama milimita 0.3 hivi, kadi ya biashara ipite kwa kugusagusa. Yangu ilikuwa inapitisha sarafu. Ukikaza chuma kwa mwelekeo wa mishale ya saa, shingo inarudi nyuma na nafasi inapungua. Ukilegeza, inakuja mbele. Legeza nyuzi kwanza, zungusha robo tu, rudisha tyuni, iache ikae, pima tena. Anayezungusha mzunguko mzima kwa hasira atakuja kununua shingo nyingine.

Hewa nayo inahusika, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mbao hunywa unyevu. Nikipiga Dar wakati wa masika shingo inakuja mbele kidogo na nyuzi zinapanda. Nikipanda Dodoma kiangazi inafanya kinyume, nyuzi zinaanza kugonga freti za mwanzo. Ndiyo maana alenki yangu hailali nyumbani.

Shingo ikishakaa, ndipo unashusha au kupandisha nyuzi kwenye briji, kile chuma kinachozishika mwilini mwa besi. Wengi hupima kwenye freti ya 17, na milimita 2 ni mahali pazuri pa kuanzia. Uzi wangu wa E nimeuacha juu zaidi ya hapo kwa sababu kwenye dansi napiga kwa nguvu, na uzi ulioshushwa mno unagonga freti kila unapoutandika. Kisha piga hamoniki ya freti ya 12, yaani gusa uzi juu ya freti bila kuubana, halafu ubane pale pale upige tena. Noti ziwe sawa. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kitandiko cha briji, kile kipande kinachobeba uzi, nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kilete mbele. Programu ya bure ya kutyuni kwenye simu inatosha, ila E wazi, isiyobanwa, iko kwenye 41 Hz na maikrofoni za simu nyingine haziukamati vizuri, hivyo tyuni kwa hamoniki.

Nyuzi ndizo zilizonitesa kwa bei. Seti ya besi inagharimu mara kadhaa ya seti ya gitaa la solo, na nyuzi za kawaida, zilizozungushiwa waya wa duara, zinakufa haraka kwa sababu jasho na uchafu hujaa kati ya mizunguko. Nilichofanya ni kuchukua kipande cha bomba la plastiki, nikaziba mwisho mmoja, nikatia nyuzi na spiriti ya dukani, nikaziba juu na kuziacha usiku kucha. Asubuhi unazipangusa, unazianika, unazirudisha. Fanya mbali na jiko na sigara. Wengine huzichemsha kwenye maji. Inasaidia, ila ule upya haudumu.

Baadaye nilipata nyuzi bapa, zilizozungushiwa utepe badala ya waya wa duara, zilizokwisha kutumika, na hapo ndipo besi yangu ilipopata lugha yake. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa nene kwenye Precision Bass ya 1962, hakuwa mtu wa kuzibadilisha, na alipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Besi yake ilikuwa na sponji chini ya kifuniko cha briji. Mimi nilikata ukanda wa sponji ya kuoshea vyombo nikauingiza chini ya nyuzi karibu na briji, wenye unene wa kugusa tu bila kuziinua. Noti inaanza, inasema, inakatika. Kanisani kwenye pambio za polepole nauchomoa, kwa sababu pale nataka noti irefuke.

Sasa mvumo, ambao ndio ulinipeleka kwa fundi redio mwenye kibanda jirani na soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo redio gani isiyo na spika?"

"Ni besi, mzee wangu. Inavuma."

"Ukiishika?"

"Nikigusa nyuzi mvumo unashuka, lakini leo ndiyo, kesho hapana."

"Basi ethi haifiki inakokwenda. Fungua tuone, bwana mdogo."

Swali lake lilikuwa la maana kuliko vifaa vyake vyote. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, maana yake waya wa ethi unafika kwenye briji na mwili wako umeacha kuwa antena. Usipobadilika hata kidogo, waya huo umekatika mahali. Ukiongezeka, kuna waya zimefungwa kinyume kwenye tundu la jeki, pale unapochomeka waya wa amplifaya. Tulifungua skrubu za bamba la chuma lenye volyumu mbili na toni, tukaligeuza. Waya wa ethi ulikuwepo, umeingia kwenye tundu la mbao kuelekea kwenye briji. Tukafungua briji yenyewe. Ncha ya waya ilikuwa imelala tu juu ya mbao, imebanwa na chuma chenye kutu ya kijani upande wa chini. Hiyo ndiyo "leo ndiyo, kesho hapana". Mzee alisugua chini ya briji kwa msasa, akaichuna ncha, akaikunjua ipate eneo kubwa la kugusa, akafunga. Akaweka mita: ncha moja kwenye briji, nyingine kwenye tundu la jeki. Ikalia piii.

Volyumu inayokwaruza tuliipuliza dawa ya kusafishia ikatulia, lakini ile ya toni ilikuwa imekufa. Hapa kuna la kuangalia. Besi yenye pikapu za kawaida, zisizo na betri, inataka volyumu za 250K, yaani kilo-ohm 250. Kwenye kopo la fundi redio zimejaa za 10K na 50K, na ukifunga hizo besi itapiga, ila makali yote yatamezwa, noti zitatoka kama zimefunikwa blanketi. Ilibidi nisubiri mpaka mtu aniletee ya 250K kutoka Kariakoo. Kapasita ya toni haikusumbua: ni ya mikrofaradi 0.047, na mzee aliichomoa kwenye mzoga wa redio, ya kijani, imeandikwa 473. Namba hiyo ndiyo hiyo 0.047. Usiuziwe kapasita ya "besi" kwa bei ya kuku.

Nyumbani nilifanya kazi ya mwisho ya ndani, ya kupaka foili kwenye shimo la waya na mashimo ya pikapu. Mkanda wa shaba ndio bora kwa kuwa unakubali kulehemiwa. Sikuupata, nikatumia foili ya jikoni na gundi ya viatu. Foili ya alumini haishiki risasi, kwa hiyo waya wa ethi unaukaza kwa skrubu ndogo yenye kishikio cha duara. Halafu gundi haipitishi umeme: pale vipande viwili vinapokutana, kunja ukingo wa kipande cha juu ili chuma kiguse chuma, na pima kila kona kwa mita. Kabla ya kufunga bamba, funika kwa tepu kila mahali palipolehemiwa waya wenye sauti. Waya huo ukigusa foili tu, besi inanyamaza kimya, na utadhani umeiua.

Foili iliondoa ule mchakacho wa taa za tyubu na chaja za simu. Haikuondoa mvumo wote, na haiwezi. Mvumo mzito unaotoka kwenye transfoma za amplifaya unaingia kwa njia ya sumaku moja kwa moja kwenye nyuzi za shaba za pikapu, na foili haiuzuii. Utaujua kwa kugeuka: ukizunguka na besi kifuani, unapanda na kushuka kulingana na unakotazama. Dawa ya Jazz Bass ni kufungua volyumu zote mbili sawasawa, kwa sababu pikapu zake mbili kwa kawaida zimesukwa na kupewa sumaku kinyume, na mivumo yao inauana. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Kwa hiyo mimi naziacha zote wazi, nacheza na toni tu. Nikitaka sauti ya pikapu ya nyuma peke yake, nasogeza mkono kuelekea kwenye briji, na inatosha.

Kuna mafundi wa ukumbini wanaotibu mvumo kwa kukata mguu wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Nimewakatalia na nitaendelea kuwakatalia. Mguu ule ndio unaokulinda siku amplifaya itakapovuja umeme kwenye bati lake. Ukishika nyuzi za besi kwa mkono mmoja na mdomo ukagusa maikrofoni yenye ethi nyingine, njia ya umeme ni kifua chako. Kama vyombo viwili vinazozana kwa ethi, vichomeke kwenye ekstensheni moja, au tumia DI, kile kisanduku cha kuunganisha besi na mikseta, yenye kitufe cha kutenganisha ethi ya waya wa sauti.

Vidole vilinichukua muda kuliko vyote. Kwenye freti za chini za besi yenye nyuzi za urefu wa inchi 34 nafasi ni pana, na kulazimisha kidole kimoja kila freti kuliniletea maumivu ya kiwiko. Nikahamia mtindo wa wapiga dabo besi, unaohusishwa na Franz Simandl: kidole cha shahada, cha kati, halafu cha pete na cha mwisho vikibana pamoja. Freti tatu kwa mkao mmoja, mkono unasogea badala ya kunyooshwa. Kuanzia freti ya saba hivi narudi kwenye kidole kimoja kwa kila freti.

La pili ni kunyamazisha. Nilijirekodi kwa simu nikipiga na bendi, nikasikiliza kwa hedifoni, maana spika ya simu haishuki kwenye besi. Noti nilizopiga zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa nyuzi nisizozipiga. E ilikuwa inaimba chinichini muda wote ninapopiga D na G. Sasa kidole gumba cha kulia kinalala juu ya E ninapopanda nyuzi za juu, na mkono wa kushoto unainua kidole bila kukiondoa kwenye uzi ili noti ikatike ninapotaka.

Kwenye dansi kukatika huko ndiko kunakobeba wimbo. Sehemu ya kwanza, waimbaji wanapoeleza kisa, besi inaacha mapengo na tumba inayajaza. Ukiyajaza wewe, gitaa la rithim halina pa kukaa. Ikiingia chemko, ile sehemu ya pili ya kuchangamka, kishawishi ni kuongeza noti. Mimi naongeza uthabiti. Nashika mzunguko mmoja, namtazama mpiga dramu mguu wake wa kulia, naachia solo na tarumbeta zitambe. Mwanafunzi anayetaka kujifunza hili azisikilize bendi za Msondo na Sikinde akifuatilia besi peke yake toka mwanzo hadi mwisho, na ahesabu mapigo ambayo mpiga besi hakugusa kitu.

Kwenye mikseta nina maombi mawili tu kwa fundi wa sauti. Kitufe cha kukata sauti za chini kwenye chaneli yangu kisibonyezwe, maana kwenye mikseta nyingi kinakata kila kilicho chini ya 75 au 100 Hz, na karibu oktava yangu nzima ya chini inaishi huko. Na asipandishe besi mpaka mwisho akidhani ndiyo heshima. Ukumbi unavuma, noti haijulikani. Apandishe kidogo sauti za kati, watu wasikie ninapiga nini. Amplifaya nikiitoa pembeni mwa kuta, ngurumo inapungua zaidi.

Kilichobaki ni kile kikalio cha plastiki pale nyuzi zinapoingia kichwani, mfereji wa A umechimbika na uzi unalia ukiwa wazi. Nimepata mfupa wa ng'ombe buchani, nimeuondoa mafuta na kuukausha, na faili ninalo.