Ijumaa ya Agosti Newmarket, na Mjomba Aliyelea Farasi Ngong

Mjomba wangu alikuwa saisi katika uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia. Alipopata viza ya kuja kututembelea Uingereza, binamu zangu walimpangia mengi: Big Ben, mto Thames, uwanja wa Arsenal. Akawasikiliza kwa adabu, kisha akanivuta kando. "Mpwa, mimi nipeleke Newmarket, ule mji wa farasi wa mbio. Hayo mengine nitayaona kwenye picha."

Mapenzi yangu ya farasi nimeyapata kwake. Jumapili za utotoni nilizimaliza nikiwa nimeegemea uzio wa Ngong, na majina ya farasi niliyajua kabla ya kujua timu za mpira. Kwa hiyo la kuamua lilikuwa siku tu. Kiangazi cha Uingereza kimejaa mbio za tambarare, zile zisizo na viunzi vya kuruka. Kuna Royal Ascot mwezi Juni, July Cup hapohapo Newmarket, Goodwood Julai ikiishia, na York mwezi Agosti. Nimewahi kufika kote huko na sina neno baya la kusema. Goodwood hasa, juu ya vilima vya Sussex, ni mahali pa kumfanya mtu asahau kutazama saa. Lakini Mjomba nilimchagulia Ijumaa ya kawaida ya Agosti, mbio za jioni, ambazo magazeti huzipa mistari miwili mitatu.

Nina sababu. Katika ratiba za jioni kama hizo kuna mbio za farasi wa miaka miwili ambao hawajashinda kitu, na wengine hawajawahi hata kukimbia mbele ya watu. Tarehe 13 Agosti 2010, Ijumaa vilevile, katika uwanja huohuo wa kiangazi wa Newmarket, dume mchanga aitwaye Frankel alikimbia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mkufunzi wake alikuwa Henry Cecil na mpandaji Tom Queally. Akashinda mbio ya maili moja kwa tofauti ya nusu ya urefu wa farasi. Aliyemfuata alikuwa Nathaniel, ambaye mwaka uliofuata alitwaa mbio kubwa ya King George pale Ascot. Frankel aliingia uwanjani mara 14 katika maisha yake yote na akashinda zote 14. Waliokuwepo jioni ile walilipa kiingilio cha siku ya kawaida. Kwa maoni yangu hapo ndipo utamu wa mbio za kiangazi ulipo: unamtazama mnyama ambaye bado hajaandikwa popote, nawe una macho yako tu.

Tulipanda treni King's Cross asubuhi, tukashuka Cambridge. Kabla ya kuendelea nilimwomba Mjomba tuchepuke kidogo. Tukachukua basi liendalo upande wa Haverhill hadi Wandlebury, kwenye vilima vya Gog Magog. Ni msitu mdogo ndani ya mtaro wa mviringo uliochimbwa na watu wa kale, na katikati yake pamebaki jengo la mazizi ya zamani. Chini ya tao la jengo hilo kuna kaburi la farasi.

Aliyezikwa hapo ni Godolphin Arabian, aliyekufa mwaka 1753. Ni mmoja wa madume watatu waliotoka Mashariki, pamoja na Darley Arabian na Byerley Turk, ambao kila farasi wa mbio wa leo anarudi kwa mmoja wao ukifuata baba, na baba wa baba, hadi mwisho. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo na kuletwa Yorkshire mwaka 1704, na farasi walio wengi kabisa siku hizi ni wa ukoo wake, kupitia kwa Eclipse, ambaye naye hakushindwa hata mara moja. Nilimweleza Mjomba kwamba farasi wote aliowapiga brashi Ngong ni wajukuu wa hawa watatu. Akavua kofia. Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasoma jiwe, kisha akaniuliza swali la saisi: "Nani alikuwa anamlisha?" Sikuwa na jibu.

Treni ya kutoka Cambridge hadi Newmarket ni fupi, mabehewa machache, na kituo chenyewe ni kidogo hata ukapita bila kukiona. Mji pia si mkubwa, lakini umejengwa ukiwazunguka farasi. Wako takriban 3,000 wanaofanyishwa mazoezi hapo. Wana njia zao za miguu zilizotengwa kando ya barabara, wana vivuko vyao, na wakivuka madereva husimama. Mfalme Charles II alikuwa akija hapa na baraza lake zima katika karne ya 17, na yeye mwenyewe alipanda mbio. Jockey Club, chama cha kale cha watu wa mbio za farasi kilichoanza mwaka 1750, kina nyumba yake barabara kuu. Mjomba alikuwa akisoma maneno "Jockey Club of Kenya" kwenye makaratasi ya kazi miaka yote. Aliitazama ile nyumba ya matofali mekundu, akatikisa kichwa mara moja, tukaenda zetu.

Newmarket ina viwanja viwili, vimetenganishwa na Devil's Dyke, boma refu la udongo lililoinuliwa na watu wa zama za Waanglo-Saksoni. Uwanja wa Rowley Mile hutumika majira ya kuchipua na vuli. Kiangazi, yaani Juni, Julai na Agosti, mbio huhamia ng'ambo ya pili ya boma, July Course. Naupenda huu wa pili. Ule wa kwanza ni mpana na upepo wake hauna huruma. July Course una miti mikubwa inayotia kivuli pale farasi wanapozungushwa kabla ya kutandikwa, na baadhi ya majengo yake yameezekwa kwa nyasi. Mjomba alipoyaona mapaa yale alisema ni kama hoteli za makuti za Diani, na akaonekana kujisikia nyumbani mara moja.

Umati wa jioni ile ulikuwa wa vijana zaidi, maana Ijumaa nyingi za kiangazi hapa kuna tamasha la muziki mbio zikiisha. Wengi walikuja kwa ajili ya jukwaa. Sioni ubaya wowote. Uwanja unahitaji fedha zao, na katika kila mia yuko mmoja atakayegeuza shingo kumtazama farasi akipita na asiweze kuigeuza tena. Ngong pia Jumapili watu huja kwa chakula na watoto kucheza kwenye nyasi, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Hatukubeti. Mjomba aliona mishahara ya wenzake mingi mno ikiishia dirishani kwa mwenye kupokea dau, na siku hizi anaona vijana wa mtaani kwake wakimaliza kwenye simu kile ambacho mama zao wamekichuma. Nilimheshimu kwa hilo tangu zamani. Ukiwa hujaweka pesa, unamtazama farasi mwenyewe.

Basi tukaenda chini ya miti. Farasi wa mbio ya pili walikuwa wakizungushwa, wote wa miaka miwili, wengine ngozi zikiwa zimelowa jasho kwa hofu ya kelele, mmoja akirudi kinyumenyume kila spika zilipotangaza. Mjomba alikunja mikono, akanyamaza. Kila farasi alimtazama mara tatu: mara ya kwanza miguu, ya pili mgongo na makalio, ya tatu uso.

"Yule," akasema.

Alikuwa jike wa kahawia iliyokolea, mrefu, mwembamba ubavuni, hajajaa bado. Namba yake kwenye kitambaa ilikuwa 7. Msichana aliyemshika alikuwa akimsemesha chini kwa chini, na jike yule alikuwa amemlazia sikio moja, lile jingine likisikiliza dunia.

"Huyu anatembea," Mjomba akaendelea. "Angalia kwato ya nyuma inavyokanyaga mbele ya alama ya kwato ya mbele. Na anamsikiliza mtu wake. Lakini leo hatashinda. Bado mtoto, miguu imetangulia mwili."

"Sasa unamchagua wa nini, Mjomba?"

"Nimekuambia atashinda leo?"

Mbio ilikuwa ya falongi saba, karibu mita 1,400, zote kwa mstari mnyoofu. Kwa mtu wa Ngong hili linahitaji kuzoea. Kwetu farasi huzunguka na unawaona mwanzo hadi mwisho. July Course wanaanza mbali kabisa, wadogo, wakija moja kwa moja kukuelekea, na huwezi kujua nani anaongoza mpaka wawe wamekaribia. Unasikia sauti ya mtangazaji, unaona rangi za mashati zikicheza, halafu ghafla ardhi inaanza kutetemeka. Njia inateremka, kisha falongi ya mwisho inapanda hadi kwenye nguzo ya mwisho. Mpando huo humuumbua farasi ambaye hajakomaa. Anashuka kwa shoti nzuri, akikutana na mlima hatua zinakatika.

Wawili walijitenga mbele. Wapandaji walikuwa wakisukuma kwa mikono zaidi ya kuchapa, na Mjomba aliliona hilo upesi. Nikamweleza kwamba tangu 2023 mpandaji haruhusiwi kutumia fimbo zaidi ya mara 6 katika mbio za tambarare, na akipita sana kiwango hicho farasi huondolewa matokeo. "Ni haki," akasema, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Mnyama aliyekwisha kutoa alichonacho hana kingine cha kutoa.

Namba 7 alianza vibaya. Milango ilipofunguka alibaki akishangaa, na kufikia katikati alikuwa wa mwisho ila mmoja. Nilianza kumsikitikia Mjomba. Lakini kwenye mpando, wengine walipokuwa wakifupisha hatua, yeye ndiye aliyekuwa akirefusha. Akawapita watatu, akampita wa nne, akamaliza wa nne bila kuguswa na fimbo hata mara moja, masikio yamesimama. Makofi yalikuwa ya wale wawili wa mbele. Mjomba alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa kijana.

Mbio zilizobaki tulizitazama vizuri, pamoja na handikapu moja ya maili, yaani mbio ambayo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili nafasi zilingane, ambayo farasi wake waligawanyika makundi mawili, moja kila upande wa njia, hata mshindi akajulikana kwa picha. Sitazieleza zote. Muziki ulipoanza tulitoka.

Asubuhi yake saa kumi na mbili tulikuwa Warren Hill. Ukienda Newmarket ukaziona mbio tu, umekula wali bila mchuzi. Nyanja za mazoezi zinazozunguka mji zinafika ekari 2,500, na kilima hiki ndicho maarufu kuliko vyote. Misafara inatoka mjini kila mmoja na mkufunzi wake, farasi kumi, ishirini, wakitembea polepole hadi chini ya kilima, kisha wanapanda wawili wawili. Kuna njia za nyasi na kuna njia za mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta, ili miguu isiumie ardhi inapokauka. Agosti bila mvua udongo huwa mgumu, na wapo farasi ambao wakufunzi wao huwazuia kabisa mpaka mvua irudi.

Kinachosikika hapo ni pumzi. Farasi akipanda kwa kasi hupumua kwa kila hatua, na wakipita ishirini unasikia kitu kama mashine kubwa iliyo hai. Mjomba hakusema chochote kwa karibu saa nzima. Kisha akaanza kunieleza kazi aliyokuwa nayo kwa namna ambayo hakuwahi kunieleza nilipokuwa mdogo. Kuamka usiku. Kupapasa miguu minne kila asubuhi kutafuta joto, maana joto kwenye mshipa ni habari mbaya. Kumjua farasi aliyeacha chakula kabla daktari hajamjua. Picha ya ushindi ikipigwa, alisema, saisi hushika hatamu na jina lake haliandikwi. Alilisema bila uchungu, lakini mimi niliona uchungu, na nimeamua kuliandika hapa: kila jina kubwa nililolitaja juu lilisimama juu ya mikono ya watu waliowalisha na kuwaosha wale farasi.

Tulipitia jumba la makumbusho ya mbio pale Palace House, tukala, tukapanda treni ya mchana. Ndani ya treni Mjomba alinyoosha karatasi ya ratiba, akalizungushia wino jina la yule jike. "Akikimbia tena nenda. Akishindwa pia nipigie, unieleze alivyokimbia."

Septemba, yeye akiwa amesharudi Nairobi, jina likatokea Great Yarmouth, kwenye pwani ya mashariki, maili moja safari hii. Nilikwenda. Alitoka mlangoni na wenzake, akakaa katikati, akashindwa kwa kichwa tu na farasi aliyekuwa na mbio mbili zaidi yake. Nilimpigia nikiwa bado uwanjani, upepo wa bahari ukivuma kwenye simu, nikamweleza hatua kwa hatua. Mjomba anasema umbali bado ni mfupi kwake. Mwakani, akiwa na miaka mitatu na ubavu umejaa, apewe maili moja na robo. Nimemtazama kwa karibu akirudi kuvuliwa tandiko, na nakubaliana naye.