Harar: Siku Tatu Ndani ya Ukuta wa Jugol

Niliwasili Harar, mji wa mashariki ya Ethiopia, asubuhi ya Alhamisi nikitokea Dire Dawa, kwa gari dogo la abiria ambalo kwetu Mombasa tungeliita matatu. Mwendo wenyewe ni wa kilomita 50 hivi, lakini ndani ya kilomita hizo barabara inakutoa kwenye joto la nchi tambarare, ikakupandisha hadi mita 1,885 juu ya usawa wa bahari, ambako mtu wa pwani hana budi kujitanda shali. Tulipita Awaday, soko kubwa la mirungi, wanawake wamekaa kando ya njia na mafungu mabichi wameyafunika majani yasinyauke. Mama niliyekaa naye kiti kimoja alininyoshea kidole kilima kilichokuwa mbele, minara na mapaa vimekiparamia mpaka juu, akatamka neno moja tu: “Gey.” Ndivyo wenyeji wanavyouita mji wao. Gey maana yake ni mji, basi. Wao wenyewe ni Gey Usu, watu wa mji, na lugha yao, iliyo ya jamii moja na Kiamhari na yenye maneno mengi ya Kiarabu, ni Gey Sinan, lugha ya mji. Kwa mtu aliyelelewa Mji wa Kale, Mombasa, jina hilo halihitaji tafsiri.

Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya misikiti. Harar Jugol, yaani ule mji wa kale ulio ndani ya ukuta, uliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na maelezo ya orodha hiyo yanataja misikiti 82, mitatu kati yake ikiwa ya karne ya 10, pamoja na ziara 102, yaani mahali pa mawalii panapozuriwa. Eneo lote ni takriban hekta 48. Nilipopiga hesabu kabla ya safari nilipata msikiti mmoja kwa kila ekari moja na nusu, na tangu siku hiyo nikawa sina raha mpaka nione mji wa namna hiyo unapangwaje juu ya mgongo wa kilima.

Ukuta ndio unaokupokea kwanza. Umejengwa kwa mawe yasiyochongwa, yaliyoshikanishwa kwa udongo, nao unazunguka kwa takriban kilomita tatu na nusu, kimo chake sehemu nyingi kikiwa kama cha watu wawili, mmoja juu ya mabega ya mwingine. Aliyeujenga ni Amiri Nur ibn Mujahid, katikati ya karne ya 16, na sababu haikuwa fahari. Imamu Ahmad ibn Ibrahim al-Ghazi, aliyeuongoza mji huu katika vita vikubwa dhidi ya wafalme wa Kikristo wa nyanda za juu, aliuawa mwaka 1543. Mjane wake, Bati Del Wambara, aliolewa na Nur, na inasimuliwa kwamba alitaka kisasi. Nur akapigana, akamshinda na kumuua mfalme wa Kikristo, Gelawdewos, mwaka 1559, lakini aliporudi nyumbani alikuta nchi imechoka, njaa inabisha hodi, na Waoromo wanasogea kutoka kusini. Mji uliokuwa ukitawala ukajifungia ndani ya malango matano, na katika karne ya 17 ukawa mji wa kwenda mwenyewe, wenye amiri wake na sarafu zake. Malango matano ya zamani yangalipo; lango pana linalopitisha magari lilitobolewa baadaye.

Kijana aliyekubali kunitembeza alinipa kanuni moja tulipokuwa bado langoni. “Dada,” aliniambia, “ukipotea, panda, utafika Faras Magala. Ukichoka kupanda, shuka, utaukuta ukuta.” Siku zote tatu kanuni hiyo haikunidanganya. Inasemekana vichochoro ni 368, na vingi ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye vikapu hawapishani mpaka mmoja wao ageuke ubavu. Kuta za pande zote mbili ni za nyua, hazina madirisha, zimepakwa chokaa nyeupe, au buluu, au kijani, au waridi, na kila mahali pana mlango mmoja tu wa kuingilia. Chini ni mawe, yamelainishwa na nyayo, na mvua inapokuwa imenyesha maji hushuka katikati yake kama kijito. Kutoka Faras Magala, soko la farasi la zamani, tulishuka kwa Makina Girgir, kichochoro cha mafundi cherehani. Makina ni mashine, na girgir ndio mlio wenyewe. Mafundi wamekaa mstari mmoja nje ya maduka ya vitambaa, miguu kwenye pedeli, na mteja husimama kusubiri nguo yake ishonwe. Kichochoro kinatokea Gidir Magala, soko kuu, ambako mwewe wamejipanga juu ya ukingo wa bucha. Nilimwona mama mmoja akitoka hapo ameuficha mfuko wa nyama ndani ya buibui, kwani mwewe wa Harar hamwogopi mtu.

Mpaka adhuhuri tulikuwa tumepita misikiti saba, na lazima niseme kwamba mitatu kati yake ningeipita bila kujua kama si kuonyeshwa. Mtu anapotajiwa misikiti 82 hujenga akilini makuba na minara. Msikiti wa Jami upo, ndio, mkubwa, mweupe, na minara yake miwili huonekana kutoka mbali. Ndani yake wanawake wana nafasi yao, na Ijumaa niliswali humo. Lakini misikiti mingi ya Jugol ni vyumba. Ina mlango mfupi unaokulazimisha kuinama, kuta nene, nguzo moja au mbili, kibla kimeonyeshwa kwa mihrabu isiyozidi upana wa kifua cha mtu, na nje kuna kiua chenye birika la kutawadhia. Mnara, kama upo, ni ngazi za nje zinazopanda juu ya paa, basi, mwadhini asimame. Ilinichukua siku nzima kuona uzuri wa jambo hilo. Mji haukutaka kuwakusanya watu wake wote mahali pamoja mara tano kwa siku, wapande na kushuka kilima. Uliupeleka msikiti mlangoni kwao. Mzee asiyeweza kupanda ngazi ishirini hana haja ya kuzipanda.

Usiku ule wa kuamkia Ijumaa tulikwenda ziara ya Sheikh Abadir, walii anayehesabiwa kuwa baba wa mji. Ngoma zilikuwa zimekwishaanza. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka, mirungi mbele yao, kahawa inazunguka, na wengine wakigonganisha vibao vya mbao mikononi kwa pigo lisilopotea hata mara moja. Kaswida sikuzielewa neno kwa neno, ila salawati nilizijua, na zilipofika nikaitikia pamoja na wanawake waliokuwa karibu yangu. Mmoja akanisogezea kikombe bila kuniuliza natoka wapi.

Lakini kilichonifundisha Harar zaidi ya misikiti ni nyumba niliyolala. Ukishavuka mlango wa ua, zile kelele za kichochoro hukatika, na mbele yako pana uwanja mdogo wenye mti mmoja, jiko upande mmoja, na mlango wa mbao uliochongwa. Ndani ya mlango huo hakuna viti. Chumba kikuu, kinachoitwa gidir gar, chote ni mabaraza ya kujengwa, yanayopanda hatua kwa hatua kutoka mlangoni hadi ukutani, ukakaa ukidhani kilima kimeingia ndani ya nyumba. Mabaraza hayo huitwa nadaba, na desturi inataka yawe matano, kila moja na mtu wake. La amiri ni la mkuu wa nyumba au mgeni mwenye heshima, mahali ambapo anamwona kila anayeingia kabla yeye hajaonwa. Lile kubwa ni la jamaa. Dogo ni la wadogo na la wanaokuja kwa shida ya haraka. Lililojificha nyuma ya ukuta ni la anayetaka faragha, na jingine liko nyuma ya mlango. Bibi mwenye nyumba alinishika mkono akanipandisha kwenye kubwa. Nilipovua viatu na kuweka kiganja juu ya ukingo wake, niliuhisi ni wa baridi, laini, kama sahani ya udongo, na kiganja kilipoinuka kilikuwa na wekundu kidogo.

Rangi hiyo ni udongo mwekundu, hupakwa upya kwa mkono. Kuta ni nyeupe kabisa, sakafu na mabaraza ni mekundu, na niliambiwa kwamba wekundu huo unakumbusha damu iliyomwagika Chelenqo. Mapigano ya Chelenqo yalikuwa Januari 1887. Wamisri, walioutwaa mji mwaka 1875, walikuwa wameondoka miaka miwili kabla, na Amiri Abdullahi akatoka na watu wake kumkabili Menelik, aliyekuwa bado mfalme wa Shoa, kabla hajawa mfalme wa Ethiopia yote, akashindwa upesi. Huo ndio ukawa mwisho wa Harar ya kujitawala. Pale Faras Magala palipokuwa na msikiti wa wakati wa Wamisri leo pana kanisa la Medhane Alem. Nilisimama mbele yake Ijumaa, watu wanatoka, watu wanaingia, muuza karanga amekaa kwenye kivuli cha ukuta wake, na nilihisi kwamba mji umeuweka msiba wake nyumbani, chini ya mkeka, ambapo mtoto huukalia kila siku akikua.

Juu ya mabaraza, ukuta unaokabili mlango umetobolewa zidaka. Nilizihesabu, zikawa 11, kama desturi inavyotaka: misahafu katika zile za mstatili, vikombe na birika katika nyingine. Sikuweza kujizuia kumwambia bibi kwamba nyumba za zamani za Lamu na Pate nazo zina zidaka, safu juu ya safu, za chokaa iliyochongwa, zenye vyombo vya kaure ndani yake. Lugha zetu zilikutana kwa Kiingereza cha yule kijana na Kiarabu cha msikitini, lakini kwa hili hapakuwa na haja ya mkalimani; nilichora hewani, naye akacheka, akanionyesha vikapu. Vilikuwa vimetundikwa ukuta mzima, vimepangwa kwa ukubwa, vyenye michoro ya nyekundu, kijani na zambarau iliyobanana kiasi kwamba huoni ukucha ulipopita. Kimoja alikisuka kabla ya kuolewa. Akakishusha, akanipa nikishike, kisha akaleta kinywaji cha maganda ya buni yaliyochemshwa na maziwa, tukanywa.

Jumamosi nilirudi mitaani peke yangu. Nilikwenda kuona nyumba za Wahindi, zilizojengwa na wafanyabiashara waliokuja baada ya 1887, zenye roshani za mbao za nakshi zinazochungulia kichochoro, na nilihisi niko Mombasa au Unguja, kwani mikono iliyozichonga ni ya ukoo mmoja na iliyochonga zile zetu. Watalii wengi huenda kwenye moja ya nyumba hizo kwa sababu ya mshairi Mfaransa Arthur Rimbaud, aliyefanya biashara Harar miaka ya 1880, ingawa nyumba yenyewe ilijengwa baada yake. Wengine hutaja jina la Richard Burton, aliyekaa hapa siku kumi Januari 1855. Sisi tunamjua zaidi kwa safari yake ya kutoka pwani hadi Ujiji, alikofika mwaka 1858. Mimi nilitaka kuona kuta. Na kuta zimenisikitisha mahali pamoja, tena nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona Lamu pia: palipobomoka plasta ya udongo na chokaa, watu wengi wanaziba kwa saruji. Saruji haipumui. Unyevu unaonaswa nyuma yake hula udongo ulioshikilia mawe, na baada ya misimu michache ya mvua huanguka kipande kikubwa kuliko kile kilichozibwa. Msikiti mmoja mdogo, karibu na kaburi la kijani la Amiri Nur, nusu yake bado ni ya chokaa na nusu ni ya saruji, na mpaka kati ya nusu hizo umekwisha pasuka. Mafundi wa chokaa wapo. Nilimwona mmoja akiikoroga kwenye pipa. Kazi ni kuwaita wao kwanza.

Jioni nilishuka mpaka ukuta ukanisimamisha, kama nilivyoahidiwa. Chini yake, usawa wa magoti, palikuwa na tundu lenye ukubwa wa kupitisha mbuzi. Ni mlango wa fisi. Usiku huingia, hupita vichochoroni, huokota mifupa na mabaki, na alfajiri hutoka; hata siku ya Ashura watu huwatengea uji mzito wenye siagi, na wakiula vizuri huwa bishara njema ya mwaka. Nilichutama nikapitisha mkono. Mawe ya pembeni yalikuwa yamelainika kwa kusuguliwa na migongo, kama vile ukingo wa nadaba ulivyolainika kwa watu.

Alfajiri ya mwisho niliamka mapema makusudi, nikakaa uani kuhesabu adhana. Ya kwanza ilitoka juu, upande wa Jami, nyingine ikaipokea kutoka bondeni, kisha zikaja mbili pamoja, moja kwa kipaza sauti na moja kwa koo tupu la mzee. Nilihesabu mpaka 21. Hapo msikiti ulio nyuma ya ukuta wa nyumba yetu ukaanza, na sikuweza kusikia mwingine.