Nusu Iliyooza: Jinsi Ninavyokisia Kazi ya Zana za Kale

Mtu akionyeshwa zana ya kale asiyoijua, kwa kawaida hukigeuzageuza kile alichoshikishwa, akauliza kinafanana na nini, kisha akakipa jina la kitu cha leo kinachokikaribia kwa umbo. Naamini hapo ndipo makisio mengi yanapopotea njia. Zana nyingi zilizotufikia si zana kamili. Zilikuwa na mpini, kamba, ngozi, uzi au upinde, na vyote hivyo vimeoza ardhini au vimeliwa na mchwa, kikabaki kile tu ambacho unyevu na wadudu hawakukiweza: jiwe, kigae, chuma na mfupa. Ndiyo maana kila ninaposimama mbele ya kabati la makumbusho hujiuliza kwanza ni kitu gani kimepungua, na mara nyingi jibu la swali hilo ndilo linalonifungulia mengine yote.

Chukua mbuzi ya kukunia nazi, ambayo hakuna mtu wa pwani asiyeijua. Iondolee mbao zote, kile kigoda na miguu yake inayokunjwa, uache ulimi wa chuma peke yake, kisha umpe mtu ambaye hajawahi kuona nazi ikikunwa. Ataona bapa la chuma lenye ncha ya mviringo na meno, na huenda akasema ni silaha, au chanuo, au alama ya cheo cha mtu mkubwa. Hata hivyo chuma chenyewe kina ushahidi wake kama mtu atakuwa na subira ya kukitazama. Meno yapo kwenye ncha tu, na kwenye mbuzi ya zamani yamelika na kung'aa kwa kusuguliwa. Mkia wake hauna mng'ao wowote, una kutu na alama za misumari, kwa sababu ulikuwa umefichwa ndani ya ubao. Chuma kilichopigiliwa namna hiyo hakikupungwa hewani, kilitulia mahali pamoja, na kilichokuwa kikisogea ni kile kitu kilichokunwa. Tayari silaha imeondoka kwenye orodha, na chanuo pia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kigae cha duara chenye tundu katikati. Kilwa Kisiwani, ambako mwanaakiolojia Neville Chittick aliongoza ufukuaji katika miaka ya 1960, vigae vya aina hii vilipatikana, na vimepatikana pia katika magofu mengine ya pwani. Havikufinyangwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ni vipande vya vyungu na mitungi iliyovunjika, ambavyo mtu alivigonga ukingoni mpaka vikakaribia duara, akavisugua juu ya jiwe, halafu akavitoboa. Kigae kama hicho bado kina mbonyeo wa ubavu wa chungu kilikotoka, na pengine upande mmoja una weusi wa masizi ya jikoni. Tundu lake ni pana juu na pana chini lakini jembamba katikati, dalili kwamba mtoboaji alianza upande mmoja, akakigeuza, akamalizia upande wa pili, kwa kuwa kigae kikitobolewa moja kwa moja hupasuka ncha inapochomoza.

Kilikuwa cha nini? Wa kwanza atasema ni chubwi la mshipi au la wavu, na kwa mji wa wavuvi kisio hilo si la kupuuzwa. Mwingine atasema ni kifungo, au pambo la shingoni, au kitu cha watoto kuchezea. Lakini tazama juhudi iliyotumika. Chubwi halihitaji kuwa duara, wala tundu lake halihitaji kuwa katikati. Jiwe lolote lenye mahali pa kufungia kamba linatosha, na kamba inayovutwa kila siku upande mmoja huacha mfereji kwenye ukingo wa tundu upande huohuo. Mtengenezaji wa kigae chetu alihangaika na mambo mawili ambayo hayana faida yoyote baharini, yaani umbo kuwa sawa pande zote na tundu kuwa katikati kabisa. Mtu huhangaikia hayo anapotaka kitu kizunguke bila kuyumba.

Nusu iliyopotea, basi, ilikuwa kijiti. Kijiti kilichomekwa ndani ya tundu, pamba ikafungwa juu yake, kikazungushwa kwa vidole na kuachwa kining'inie au kisimame kwenye kifuu, huku mkono mwingine ukivuta pamba kidogo kidogo ijisokote kuwa uzi. Kazi ya kigae ilikuwa kukipa kijiti uzito wa kukifanya kiendelee kuzunguka. Hapa uzito nao unakuwa shahidi. Nyuzi za pamba ni fupi na dhaifu zinapokuwa hazijasokotwa, hivyo kigae kizito huzikata. Kigae chepesi kinachozunguka kwa kasi ndicho kinachozifaa. Ukivipima vigae hivi na kuviona ni vyepesi, kisio la pamba linapata nguvu, na lile la chubwi linazidi kudhoofika, kwa kuwa chubwi jepesi halimfai mvuvi.

Maandishi nayo yanakubaliana na vigae. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa mpaka Misri. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walifuma nguo nyeupe za pamba, na kwa kuwa walitaka rangi, walifumua nguo za rangi zilizotoka Cambay huko India, wakachanganya nyuzi zake na zao wakafuma upya. Fikiria idadi ya vidole vilivyosokota uzi kwa ajili ya kazi hiyo. Kitanda cha mfumi kimeoza, uzi umeoza, nguo zimeoza, na ushahidi wa sanaa nzima umebaki katika vipande vya vyungu ambavyo mtu asiyejua angevikanyaga akapita.

Kwa sababu hiyo naumia ninapomwona mgeni, au hata mwenyeji, akiokota kigae kwenye magofu na kukitia mfukoni. Mbali na kwamba sheria inakataza, kigae kikishatolewa mahali pake kimetenganishwa na majirani zake. Kikiwa kimelala karibu na vigae vingine vya aina hiyo ndani ya chumba cha nyumba, kinasema jambo moja. Kikiwa ufukweni pamoja na ndoana na mifupa ya samaki, kinasema jingine. Mfukoni hakisemi kitu.

Kuna vigae vingine, na vipande vya mawe pia, vyenye mifereji badala ya tundu, ambavyo vimepatikana Shanga katika kisiwa cha Pate, na Tumbe huko Pemba, katika tabaka za zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mtu anayeviona kwa mara ya kwanza hudhani vilikuwa vya kunolea visu au sindano. Wanaakiolojia wanavihesabu kuwa vya kusagia shanga: vipande vya makombe vilitobolewa, vikatungwa kwenye uzi, kisha vikasuguliwa pamoja ndani ya mfereji mpaka vikawa vya mviringo na vya ukubwa mmoja. Kilichopungua hapo ni ule utungo.

Keekee ya mafundi wa majahazi inaonyesha jambo hilihili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa sehemu zake zote zina majina na zinajulikana. Kuna kijembe, yaani chuma cha kutobolea. Kuna msukano, mti ambao kijembe kimechomekwa ndani yake. Kuna jivu, yaani kishikio cha juu ambacho msukano unazungukia ndani yake. Na kuna uta, ambao kamba yake huzungushwa kwenye msukano na kuvutwa mbele na nyuma. Ubao wa jahazi unapaswa kutobolewa kabla ya kupigiliwa msumari, la sivyo utapasuka, kwa hiyo keekee haikosekani kwa fundi. Sasa tenganisha sehemu hizo, umpe mtu jivu peke yake. Ataona kipande cha mti kinachotosha kiganja, chenye shimo la mviringo upande mmoja, shimo laini mno, jeusi kwa mafuta, lenye mistari myembamba inayozunguka. Nimewahi kusikia kitu cha namna hiyo kikiitwa kinu cha dawa. Lakini kinu hupondwa kutoka juu, na shimo lake huchakaa chini. Shimo hili limechakaa kwa mzunguko, na ile mistari inasema wazi kwamba kuna kitu kilikuwa kikizunguka humo kwa kasi huku mtu akikikandamiza.

Kisha kuna kamal, kifaa cha mabaharia cha kupimia kimo cha nyota, ambayo kwayo nusu iliyooza ndiyo yenye elimu yote. Ni kibao kidogo cha mti au cha pembe, cha mstatili, chenye kitundu katikati. Ukikipata hivyo, hakuna utakachoambulia. Tundu lake lilipitishwa uzi wenye mafundo, na rubani wa chombo alikamata fundo kwa meno, akanyoosha kibao mbele ya uso mpaka uzi ukakaza, akaweka ukingo wa chini kwenye upeo wa bahari na kutazama kama ukingo wa juu unaigusa nyota. Kwa Nyota ya Kaskazini, kimo chake angani kinakuonyesha uko umbali gani kaskazini mwa ikweta, na kila fundo liliweza kuwa bandari: nyota ikilingana na kibao kwenye fundo fulani, umefika usawa wa bandari hiyo, unageuza chombo na kuifuata. Vipimo vyao vilikuwa kwa vidole, na kidole kimoja kilikuwa sawa na digrii 1 na dakika 36 hivi. Chombo kinapoteremka kusini kupita ikweta, kuelekea Mombasa na Kilwa, Nyota ya Kaskazini hushuka mpaka ikapotea, na rubani huhamia nyota nyingine. Rubani Mwarabu Ahmad ibn Majid, katika karne ya 15, alitunga mashairi marefu ya mafunzo ya namna hiyo, likiwamo la njia ya Sofala.

João de Barros, mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, anasimulia kwamba rubani aliyepatikana Malindi mwaka 1498 alipoonyeshwa astrolabu ya Vasco da Gama, yaani kifaa cha kupimia kimo cha jua na nyota, hakushangaa hata kidogo, naye akawaonyesha Wareno kifaa chake cha vibao vitatu. Zaidi ya karne tatu baadaye, huko Calcutta, India, msomi Mwingereza James Prinsep alikuwa akihangaika kuelewa maelezo ya zana za mabaharia katika kitabu cha kale cha unajimu wa bahari. Akawauliza mabaharia wa vyombo vya Kiarabu waliokuwa bandarini, na mwaka 1836 akachapisha maelezo ya kamal jinsi inavyotumika. Nalithamini sana jambo hilo. Kitu kilichokuwa kitendawili kwenye karatasi kilikuwa kazi ya kila usiku kwa watu waliokuwa wametia nanga pale pale mjini, na kilichohitajika ni mtu wa kwenda kuwauliza kwa heshima.

Si kila kitendawili kinateguka kwa njia hii. Kinachotajwa zaidi duniani ni kile kifaa cha Kirumi chenye nyuso 12, kilichosubiwa kwa mchanganyiko wa shaba, chenye uwazi ndani, tundu la mviringo katika kila uso, na vifundo 20 kwenye pembe zake. Cha kwanza kuandikwa habari zake kilionekana Uingereza mwaka 1739. Tangu hapo vimepatikana zaidi ya 100 katika majimbo ya kaskazini-magharibi ya dola ile, na kimoja kilifukuliwa Norton Disney, Uingereza, mwaka 2023. Hakuna mwandishi wa Kirumi anayekitaja. Wapo wanaosema kilikuwa cha kufumia vidole vya glavu, lakini ufumaji wa aina hiyo haujulikani kuwapo enzi za Warumi. Wapo wanaosema kilikuwa cha kupimia umbali, lakini matundu yake hayalingani kutoka kifaa kimoja hadi kingine, na kipimo kisicholingana si kipimo. Mimi huzingatia zaidi kwamba kwa kawaida hakionyeshi uchakavu, wala mng'ao wa kamba au wa kijiti kilichosugua, na kwamba vingine vilihifadhiwa pamoja na akiba za sarafu. Kwa hiyo nakiweka upande wa vitu vilivyothaminiwa na kutunzwa kuliko upande wa zana za kazi.

Hata hivyo siridhiki na tabia ya kukiita kila kisichoeleweka "kifaa cha ibada". Ibada nayo ina vitendo, na vitendo huacha alama: moshi, mafuta, damu, nta, mikono iliyoshika mahali palepale miaka nenda miaka rudi. Anayetaja ibada anapaswa kuonyesha alama hizo, kama ambavyo anayetaja uzi anapaswa kuonyesha tundu lililo katikati.

Kwenye vigae vya Pwani lipo kundi moja ambalo bado linanishughulisha: vile vya duara visivyo na tundu. Vingine ni rahisi, kwa kuwa vina kishimo kilichoanzwa upande mmoja au pande mbili bila kukutana, na hivyo ni kazi iliyoachwa njiani, labda baada ya kuonekana ufa. Lakini vipo vilivyosuguliwa vizuri ukingoni, laini kabisa, bila dalili yoyote ya kutobolewa. Sidhani kwamba vilingoja kutobolewa, maana haina faida kusugua ukingo kwa uangalifu wote huo kabla ya kujua kama kigae kitastahimili tundu. Vikubwa navikisia kuwa vifuniko vya mitungi midogo, na ningetafuta msuguano upande wa chini, karibu na ukingo, mahali vilipokalia mdomo wa chombo. Vidogo navikisia kuwa kete za mchezo, na hapo ningetafuta uso mmoja uliolainika kuliko mwingine kwa kusukumwa juu ya sakafu au ubao. Mahali pasipo alama hizo, kwenye lebo ningeandika upana, unene, uzito na mahali kilipopatikana, na nafasi ya jina la kazi yake ningeiacha wazi.